NAS ya ofisi inakataa laptopu mpya za Windows 11, na bosi anataka kila mtu awe na paswedi yake

Kisamvu_Kavu (mwanzisha mada)

Wakuu habari za muda huu, poleni na majukumu. Nina kesi hapa naombeni mnisaidie maana nimezunguka nayo mpaka kichwa kinagonga.

Tuko ofisi ndogo ya uhasibu hapa Mwanza, watu tisa pamoja na bosi. Tuna NAS, yaani hifadhi ya mafaili ya ofisi nzima kwenye neti, ambayo kiukweli ni ile kompyuta ya mezani ya zamani imewekewa OpenMediaVault (mfumo wa Linux wa kuendesha NAS) na diski mbili, aliifunga fundi mmoja ambaye kwa sasa hapatikani, kahamia mkoa mwingine na simu yake habari ndo hiyo. Ndani kuna folda nne za pamoja: Hesabu, Wateja, Mishahara na Skani. Muda wote huo hakuna mtu aliyewahi kuulizwa paswedi, unaandika \\192.168.1.20 folda zinafunguka, kazi inaendelea.

Sasa bosi kaleta laptopu tatu za Windows 11 Pro, kwa sababu zile za Windows 10 si mnajua Microsoft iliacha kuzipa apdeti za kawaida tangu Oktoba 2025, nikaziunganisha, intaneti ipo, kuprinti zinaprinti, lakini ukizielekeza kwenye NAS zinagoma, zinasema huwezi kufungua folda hii kwa sababu sera za usalama za taasisi yako zinazuia mgeni asiyetambulishwa. Taasisi gani tena wakati hapa ofisini mtu wa kompyuta ndo mimi na sijaweka sera yoyote? Kompyuta za zamani zinaingia vizuri na mashine ya fotokopi inatuma skani kama kawaida.

Na katika kuhangaika bosi akasimama nyuma yangu akaona kumbe hata kompyuta ya mapokezi inafungua Mishahara. Kilichofuata mnaweza kukisia wenyewe. Sasa anataka kila mtu awe na jina lake na paswedi yake, na Mishahara aione yeye na mhasibu mkuu tu.

Kwa hiyo maswali yangu, hizo laptopu nizifanyeje ziingie, hao yuza nawatengeneza kwenye Windows au kwenye NAS au kote kote, nifanyeje watu wasiulizwe paswedi kila asubuhi maana nawajua wataiandika kwenye karatasi wabandike kwenye skrini, na je hili la domeini, seva moja inayosimamia majina na paswedi za kompyuta zote, nalihitaji? Mimi ni mhasibu msaidizi jamani, IT nimeangukiwa nayo kwa sababu ndo niliyejua kubadili wino wa printa.

bit_la_mwisho

Mkuu hiyo ni dakika mbili tu. Fungua gpedit.msc kwenye laptopu, nenda Computer Configuration, Administrative Templates, Network, Lanman Workstation, tafuta Enable insecure guest logons, iwashe. Ile ya kulazimisha saini kwenye SMB izime. Ikigoma bado washa na SMB1 kwenye Windows Features, ristati, unaingia kama zamani. Mambo ya paswedi utafanya ukipata muda.

Nahodha wa LAN

Kisamvu, hiyo njia ya hapo juu iache. Itakufungulia laptopu tatu halafu Mishahara inabaki wazi vile vile.

Kwanza ujue kwa nini laptopu zinagoma, ukilielewa hili mengine yote yananyooka. SMB ndo lugha ambayo Windows na NAS zinatumia kupeana mafaili. Windows 11 toleo la 24H2, lile lililoanza kutoka Oktoba 2024, kwenye Pro lilikuja na mabadiliko mawili: halikubali tena kuingizwa kama mgeni, na linataka kila ujumbe wa SMB uwe na saini ili mtu wa katikati asiuchezee. Sasa ile saini inatengenezwa kwa ufunguo ambao unatokana na paswedi yako wakati wa kujitambulisha. Mgeni hana paswedi, hana ufunguo, hawezi kusaini. Kwa hiyo haya mawili yanaenda pamoja, na hiyo "taasisi" inayotajwa ni ujumbe wa Windows tu, hata laptopu ya mtu binafsi nyumbani inauleta huo huo.

Pili, kwa nini za zamani zinaingia bila kuulizwa. Ukifungua folda, Windows haiji mikono mitupu, inatuma kimya kimya jina na uthibitisho wa paswedi uliyoingilia kwenye kompyuta. Samba, ambayo ndo programu inayogawa folda ndani ya NAS yako, inaangalia jina hilo kwenye orodha yake, hailioni. Kama fundi aliruhusu wageni inakuwa imewekewa map to guest = bad user, maana yake jina nisilolijua namfanya mgeni. Ni kama mlinzi anayekuambia daftarini hujaandikwa lakini pita tu. Kwa hiyo ofisi nzima kwa NAS ni mtu mmoja asiye na jina, na ndo maana mapokezi na mhasibu mkuu wanaona kitu kile kile.

Kuhusu SMB1, lile toleo la kwanza la zamani la SMB, tafadhali sana. Wale virusi wa WannaCry wa Mei 2017 walioangusha mpaka hospitali za Uingereza walisambaa kupitia udhaifu wa SMB1, na dawa yake Microsoft ilikuwa imeshaitoa Machi mwaka huo huo ila watu hawakuiweka. Samba yenyewe imeizima kwa chaguo la kawaida tangu toleo la 4.11 mwaka 2019. Huwezi kuirudisha kwenye ofisi yenye mafaili ya wateja ili kukwepa kuandika majina tisa.

Sasa kazi yenyewe. Yuza unawatengeneza kwenye NAS, huko ndo wanakokaguliwa. Ingia ukurasa wa OpenMediaVault kwa kivinjari, na kama paswedi ya admin bado ni openmediavault ile iliyokuja nayo basi ibadilishe kabla hujagusa kingine chochote. Kisha tengeneza makundi kabla ya watu: wahasibu, mapokezi, uongozi. Halafu watu, mmoja mmoja, kila mmoja kwenye kundi lake, mhasibu mkuu anaweza kuwa kwenye wahasibu na uongozi vyote viwili. Majina weka mafupi kwa herufi ndogo, neema, juma, usiweke nafasi katikati. Ukifika kwenye folda, ruhusa wape makundi, mtu mmoja mmoja usimguse, maana mwakani mtaajiri wengine na hutataka kuzunguka folda zote tena. Mwisho nenda kwenye SMB, kwenye kila folda ile sehemu ya Public iweke No. Na ile bendera ya njano inayotokea juu kukuuliza kama mabadiliko yatumike, ikubali, watu wengi wanaisahau halafu wanalalamika hakuna kilichobadilika.

Paswedi za watu wa NAS zibadilishie humo humo kwenye ukurasa. Ukiingia kwa terminali ukatumia passwd unabadilisha ya Linux tu, Samba ina daftari lake pembeni na halitajua. Na smb.conf, faili la setingi za Samba, usiihariri kwa mkono, OpenMediaVault inaiandika upya yenyewe na yako inafutika.

Fanya Jumamosi watu wakiwa hawapo. Mgeni ukimfunga, kompyuta zote zinakatika kwa pamoja mpaka uzipe majina.

MtuWaRauta254

Sasa wazito. Kuhusu domeini, mimi nakwambia hapana, si ya watu tisa. Ni poa sana ukiwa na mashine hamsini, mtu anabadilisha paswedi mahali pamoja na inashika kila mahali, na Samba yenyewe inaweza kuwa domain controller, yaani hiyo seva ya domeini, tangu toleo la 4.0 la 2012 so hata pesa ya Windows Server hutoi. Lakini inakuja na maneno yake. Kila kompyuta lazima DNS yake (huduma ya kugeuza majina kuwa anwani) iangalie hiyo seva, hiyo seva ikizima hata watu kulogin inakuwa shida, na Windows ya Home haiingii domeini kabisa, lazima Pro.

Alafu kuna saa. Domeini hutumia Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watu, na Kerberos kwa kawaida haikubali saa za kompyuta mbili zipishane zaidi ya dakika 5. Wewe uko na desktop ya zamani, betri ya motherboard pengine ilikufa kitambo, stima ikipotea ikirudi inaamka na tarehe ya miaka iliyopita, na kama intaneti imechelewa kurudi hakuna mahali itapata saa sahihi. Ofisi nzima inakataliwa kuingia na hakuna mtu atafikiria kuangalia saa ya seva. Nimeona hiyo movie kwa ofisi ya watu, msee wa IT alikuwa anabadilisha paswedi za watu asubuhi yote.

Kaa na yuza wa kawaida ndani ya NAS. Kuulizwa paswedi kila siku iko na dawa mbili. Ya kwanza, ukiingia mara ya kwanza weka tiki pale Windows inakuuliza ikumbuke, inaweka kwa Credential Manager, stoo ya paswedi ya Windows, na hutaulizwa tena. Ya pili, jina na paswedi ya mtu kwa laptopu iwe sawa na ya NAS, herufi kwa herufi, Windows ikituma kimya kimya vile Nahodha amesema, Samba inakubali na mtu hata hajui kulikuwa na mlango. Lakini hii ya pili inataka akaunti ya kawaida ya ndani ya kompyuta, kama laptopu inaingia na akaunti ya Microsoft ya barua pepe hapo jina halitafanana, tumia ya kwanza. Na waambie PIN si paswedi. Ile namba nne za kufungulia skrini haitoki kwa hiyo laptopu, ukiiandika kwa NAS haitakujua.

bit_la_mwisho

Watu tisa mnamjengea mwenzenu Benki Kuu. Tengeneza yuza mmoja anaitwa ofisi, paswedi moja wote wanaijua, na mwingine anaitwa bosi kwa ajili ya Mishahara. Laptopu zinaingia, saini zipo, kazi kwisha. Ofisi ya watu wanaoaminiana haihitaji makundi.

Mama_Leja

Naomba niingie hapa kama mhasibu, neti siijui sana lakini hili la paswedi moja limenigusa. Mdogo wangu Kisamvu usikubali. Siku faili la mteja linafutwa au namba imebadilishwa kwenye hesabu za mwezi, swali la kwanza bosi atauliza ni nani, na jibu litakuwa "ofisi". Hapo hata asiyehusika anachafuka. Mtu akiacha kazi ndo kabisa, inabidi mbadilishe paswedi ya watu wote siku hiyo hiyo na kila mmoja aulize mpya ni ipi, mwishowe hamuibadilishi na aliyeondoka bado anaijua.

Halafu mnashika TIN za watu, mikataba, namba za NIDA, mishahara ya makampuni ya watu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023 na tume yake ipo. Folda ambayo yeyote akishika Wi-Fi ya ofisi anaifungua ni ngumu sana kuitetea mbele ya mteja, achilia mbali mbele ya tume.

MtuWaRauta254

Mama Leja umesema. Kwetu Kenya pia iko sheria kama hiyo, ya 2019. Na hapo kwa Wi-Fi umenikumbusha, Kisamvu wateja wakikuja wanapewa paswedi ya Wi-Fi gani? Kama ni hiyo hiyo ya ofisi basi na wao wamekuwa wanaona hiyo NAS. Rauta nyingi ziko na neti ya wageni, iwashe na wateja wakae huko.

Kisamvu_Kavu

Asanteni sana wakuu, Mama Leja shikamoo na ahsante, hayo maneno ya "nani" nimeyapeleka kwa bosi kama yalivyo na ameelewa haraka kuliko nilivyotegemea. Wi-Fi ya wateja ndiyo, ilikuwa hiyo hiyo, nimeshaitenga.

Nimefanya Jumamosi, makundi, watu, Public nimeweka No kote. Laptopu mbili kati ya tatu zinaingia safi na hazijauliza tena baada ya kuristati. Mapokezi wakibonyeza Mishahara wanakataliwa, bosi kajaribu mwenyewe akacheka. Ila yamebaki haya:

Laptopu ya tatu, ya Neema, inaleta namba 1219. Inasema kuna miunganisho zaidi ya mmoja kwenye seva hiyo kwa majina tofauti. Hiyo laptopu niliijaribia kwanza kwa jina la bosi kabla sijampa Neema.

Kompyuta ya Juma inaleta 1326 kila nikimwandikia jina na paswedi, wakati paswedi hiyo hiyo kwenye kompyuta yangu inaingia.

Na kwenye Wateja mafaili ya zamani, ya 2022 kurudi nyuma, yanafunguka lakini ukibadilisha kitu hayasevu, yanasema huna ruhusa. Mapya yanasevu. Hata mhasibu mkuu ambaye nimempa kusoma na kuandika.

Nahodha wa LAN

Hapo umefika mbali tayari. Hizo namba zitenganishe kichwani. 1326 maana yake NAS haijakutambua wewe ni nani, jina au paswedi haijalingana. Ukikataliwa kwa namba 5 au kuambiwa huna ruhusa, maana yake imekutambua vizuri sana ila hicho unachotaka si chako. Watu wanabadilisha paswedi wiki nzima kwa tatizo la ruhusa, na wengine wanafungua ruhusa zote kwa tatizo la paswedi.

1219 ni Windows yenyewe, NAS haihusiki. Windows hairuhusu kompyuta moja iingie kwenye seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja, na hiyo laptopu bado imeshikilia jina la bosi. Fungua terminali, usiifungue kama administrator, iwe ya kawaida ya Neema mwenyewe, andika:

net use
net use * /delete
cmdkey /list

Ya kwanza inakuonyesha miunganisho iliyopo, ya pili inaikata yote, kwa hiyo funga mafaili kwanza. Ya tatu inaorodhesha paswedi zilizohifadhiwa, ukiona 192.168.1.20 hapo ifute kwa cmdkey /delete:192.168.1.20. Angalia jina kama limeandikwa Domain:target mbele, unachukua kile kinachofuata baada ya target=. Toka kwenye Windows uingie tena, kisha:

net use Z: \\192.168.1.20\Wateja /user:NAS\neema /persistent:yes

Pale kwenye NAS weka jina halisi la seva yako kama liko tofauti. Na hili ni muhimu kwa Neema kuliko unavyodhani, maana paswedi ya bosi ilikuwa imelala kwenye laptopu yake na Mishahara ingefunguka bila yeye kuandika chochote.

Kuna ujanja watu wanautumia, wanaingia kwa IP kwa jina moja na kwa jina la seva kwa jina lingine, Windows inaziona kama seva mbili tofauti na 1219 haiji. Unafanya kazi kweli, lakini usiuache kwenye kompyuta ya mtu, wewe mwenyewe baada ya miezi sita hutakumbuka nani kaingia kama nani.

Ya Juma niambie, kwenye Windows yake anaingia kwa jina gani, na ukimwandikia unaandika juma tupu?

Kisamvu_Kavu

Anaingia kwa akaunti ya Microsoft, ile ya barua pepe. Ndiyo naandika juma tu. Neema imekubali, ile orodha ya cmdkey ilikuwa na bosi kweli.

MtuWaRauta254

Andika NAS\juma, ama 192.168.1.20\juma. Ukiandika jina tupu Windows inaweza kulibandika jina la kompyuta mbele au ile akaunti ya barua pepe. Ukiweka jina la seva na mkwaju wa nyuma (\) unaiambia wazi huyu juma ni wa huko, si wa hapa.

Kama bado, angalia kama hiyo kompyuta ilikuwa na yuza mwingine wa ndani anaitwa juma na paswedi ya zamani imehifadhiwa. Zamani ilikuwa inapita kwa sababu NAS haikumjua juma, ilimfanya mgeni. Sasa inamjua, so ikiletewa jina sahihi na paswedi mbaya inakataa tu. Hiyo huchanganya watu wengi, unatengeneza yuza ndio mtu aingie na yeye ndio anafungiwa nje.

Nahodha wa LAN

Sawa kabisa. Sasa mafaili ya 2022. Kwenye NAS ya Linux mtu anakaguliwa mara mbili. Samba inaangalia kama umeruhusiwa kwenye folda hiyo, ukipita hapo Linux nayo inaangalia faili lenyewe mwenyewe ni nani na kundi gani linaweza kuandika. Mkali zaidi ndiye anayeshinda. Wewe umepanga ule wa kwanza tu. Nakisia fundi aliyahamisha mafaili ya zamani kutoka diski ya nje akiwa root, yule yuza mkuu wa Linux, kwa hiyo ni mali ya root na wengine wanasoma tu. Ingia kwenye NAS kwa SSH (terminali ya mbali), nenda ndani ya hiyo folda, andika ls -l utaona mwenyewe.

Kama ni root root, baada ya kuchukua bekapu, na nasisitiza ukiwa NDANI ya folda ya Wateja, andika pwd kwanza uhakikishe uko wapi kwa sababu amri hizi ukizipiga kwenye mzizi wa mfumo unaua seva:

chgrp -R wahasibu .
chmod -R u=rwX,g=rwX,o= .
find . -type d -exec chmod g+s {} +

Ya kwanza inayakabidhi mafaili kwa kundi. Ya pili inawapa kundi kusoma na kuandika na kuwaondoa wengine wote, hiyo X kubwa ni makusudi, inafungua folda bila kugeuza kila faili la Excel kuwa programu. Ya tatu inafanya mafaili mapya yarithi kundi la folda, vinginevyo Neema akitengeneza faili linaweza kuwa la kundi lake la kawaida na Juma anakwama tena wiki ijayo. Kama mapokezi nao wanatakiwa kusoma Wateja basi kundi moja halitoshi, hapo tumia ACL, orodha ya ruhusa za makundi zaidi ya moja, OpenMediaVault ina sehemu yake kwenye folda husika, ila usichanganye, chagua njia moja ubaki nayo.

Kisamvu_Kavu

Ilikuwa root root kweli, tangu 2022 kurudi nyuma zote. Nimepiga bekapu, nikaandika pwd nikaiangalia kama mtu anayevuka barabara ya lami, nikapiga hizo tatu, mhasibu mkuu anasevu. Juma naye kaingia kwa NAS\juma.

Kilichobaki ni fotokopi. Tangu Jumamosi haitumi skani. Ina sehemu ya jina na paswedi kwenye menyu yake, nikiijaza bado inakataa.

Nahodha wa LAN

Usiipe jina la mtu. Tengeneza yuza wake anaitwa skana, aandike kwenye folda ya Skani peke yake, folda nyingine zote hana kitu. Hizo mashine zinahifadhi paswedi ndani na yeyote anayejua kufungua ukurasa wake wa setingi anaweza kuichezea. Paswedi iwe ndefu ila herufi na namba tu, mashine za zamani zinasumbuka na alama.

Ikikataa bado, cheki kwenye setingi zake inaongea SMB gani. Kama ni SMB1 pekee, au inajitambulisha kwa NTLM ya kwanza (njia ya zamani ya kuthibitisha paswedi), NAS haitaikubali na ni sawa isikubali. Zamani kama ilikuwa inapita maana yake fundi alishusha kiwango makusudi, angalia kwenye setingi za SMB toleo la chini lililowekwa ni lipi, likiwa SMB1 lipandishe liwe SMB2. Fotokopi ipeleke kwa FTP, njia nyingine ya zamani ya kutuma mafaili, kwenye matoleo mapya ya OpenMediaVault ni plagini unaongeza, mruhusu skana peke yake na folda ya Skani peke yake. FTP inapitisha paswedi wazi kwenye waya, ndo maana huyo skana asiwe na kitu kingine cha kuibiwa.

bit_la_mwisho

Kwa hiyo SMB1 hapana ila FTP ya paswedi wazi ndiyo. Sawa bwana.

Nahodha wa LAN

FTP ya yuza mmoja anayeona folda moja ndani ya swichi ya ofisi, ndiyo. SMB1 ingekuwa wazi kwa NAS nzima, Mishahara ikiwemo. Kama mashine inaweza kuweka skani kwenye flashi basi hata hiyo FTP mimi nisingeiweka, watu watembee hatua kumi.

Kisamvu_Kavu

Ilikuwa SMB1 kweli kwenye toleo la chini, nimepandisha. Fotokopi imetumia FTP na skana inatuma. Flashi bosi hataki, anasema zitaleta virusi.

La mwisho wakuu halafu nawaacha mpumzike. Dada wa mapokezi anaondoka mwisho wa mwezi, nimfute tu kwenye orodha? Na bosi anauliza kama anaweza kufungua Mishahara akiwa nyumbani.

MtuWaRauta254

Ya bosi: usimfungulie poti 445, mlango wa SMB, kwa rauta, hata akilia. Kuna watu kazi yao ni kutafuta hizo poti mchana na usiku. Weka WireGuard, ni VPN (njia ya siri ya kuingia neti ya ofisi ukiwa mbali), OpenMediaVault iko na plagini yake, bosi anaunganisha laptopu kisha anaingia na jina lake kama yuko ofisini. Lakini kwanza angalia IP ya WAN kwa rauta, ile anwani ya upande wa intaneti. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, ama ni tofauti na ile unaona ukitafuta IP yako kwa intaneti, basi kampuni ya intaneti imewaweka wengi nyuma ya anwani moja na hakuna kitu kutoka nje itakufikia. Hapo tumia Tailscale, VPN nyingine, inatoka ndani kwenda nje so hiyo ukuta haiisumbui.

Nahodha wa LAN

Dada wa mapokezi usimfute siku hiyo. Mbadilishie paswedi uweke ndefu usiyompa mtu, mtoe kwenye makundi yote, kisha ristati huduma ya SMB ili kama kompyuta bado imeshikilia muunganisho wake ukatike. Linux haiandiki jina kwenye faili, inaandika namba ya mtumiaji. Ukimfuta, mafaili yake yanabaki na namba isiyo na jina, na kama yeye ndiye wa mwisho kuongezwa kwenye orodha, mtu mpya utakayemtengeneza anaweza kupewa namba hiyo hiyo na kurithi kila alichokuwa nacho. Hamisha kwanza mafaili yake yapewe mtu mwingine, mtu mpya mtengenezee akaunti yake kwa jina lake, huyo wa zamani mfute baadaye mkishahakikisha hakuna kinachomdai.

Kisamvu_Kavu

Poa, nimeelewa. Rauta inaonyesha 100.72 kwa hiyo ni Tailscale. Mods mnaweza kufunga uzi.